Uliza Mwalimu: Hiyo milioni 6 ilihesabiwa na nani?

Wiki hii nusu ya meseji zilikuwa za historia nzito. Nimechagua tatu. La kwanza nitalikalia kidogo juu limeulizwa na watu kadhaa kwa njia tofauti tofauti, kwa hivyo kama wewe ni wa kusoma jibu la haraka ukiwa kwa foleni ya matatu, ruka uende la mwisho.

SWALI: Mwalimu habari yako. Mimi ni konda wa ruti ya Rongai. Kwa grupu yetu ya WhatsApp kuna jamaa ametuma sauti ya mtu anasema ati hii stori ya Hitler kuua Wayahudi milioni 6 iliongezwa chumvi, ati hakuna mtu aliwahi kukaa chini akahesabu, na ati hata kibao cha pale Auschwitz kilibadilishwa namba ikapunguzwa. Nilimwambia hizo ni porojo lakini hiyo ya kibao ilinishika, sikuwa na jibu. Ukweli ni upi?

JIBU: Nzuri sana. Tuanze na hicho kibao, maana hapo ndipo alikubamba. Ni kweli kilibadilishwa. Enzi za ukomunisti huko Poland kulikuwa na vibao pale Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, vikisema watu milioni 4 waliuawa hapo, namba ambayo Wasovieti walitoa 1945 baada tu ya kufika, wakipiga makisio kwa uwezo wa yale matanuri ya kuchomea maiti. Mwanzo wa miaka ya 90 vikang'olewa, kwa sababu utafiti wa Franciszek Piper, mwanahistoria wa makumbusho yenyewe ya Auschwitz, ulikuwa umefuata treni moja moja zilizofika pale ukapata waliokufa ni kama milioni 1.1, karibu milioni 1 wakiwa Wayahudi, waliobaki Wapolandi, Waroma (jamii ya Wajipsi, si watu wa Roma), mateka wa vita wa Kisovieti na wengine. Sasa mchezo wa jamaa wa sauti ni huu: anataka utoe milioni 3 kwa ile 6 ubaki na 3. Lakini ile 6 haikujengwa juu ya ile 4 hata siku moja, wanahistoria wa nchi zingine walikuwa wanaikataa hiyo 4 miaka mingi kabla kibao kutolewa.

Haya, na hiyo ya kwamba hakuna aliyekaa chini akahesabu? Walikaa. Wauaji wenyewe ndio walihesabu, na hiyo ndio sehemu inanisumbua kuliko zote.

Kuna afisa aliitwa Karl Jäger, mkuu wa kikosi kimoja cha SS, askari wa chama cha Hitler, huko Lithuania. Tarehe 1 Desemba 1941 alituma ripoti kwa wakubwa wake, na ukiiona, wallahi ni hesabu ya jioni vile wewe unapelekea mwenye gari: tarehe, mahali, idadi, jumla chini ya ukurasa, kurasa kwa kurasa. Mstari wa tarehe 29 Oktoba 1941, mji wa Kaunas, pale wanaita Ngome ya Tisa, unasema wanaume 2,007, wanawake 2,920, watoto 4,273. Jumla 9,200. Siku moja. Watoto wamewekewa safu yao. Jumla kuu ya ripoti nzima ni watu 137,346, na hicho kilikuwa kikosi kimoja tu, kwa miezi mitano hivi. Hao karibu wote walipigwa risasi, hakuna gesi hapo, na hili watu wengi huku hawalijui kabisa, kwamba zaidi ya Wayahudi milioni 1.5 waliuawa kwa bunduki kando ya mashimo karibu na kwao, si kwa kambi. Kule Babi Yar, Kyiv, ripoti za Wajerumani zinasema 33,771 kwa siku mbili za mwisho wa Septemba 1941.

Halafu kuna telegramu, na hii ndio ningekwambia utume kwa hiyo grupu. Januari 1943 afisa wa SS aitwaye Höfle alituma ujumbe wa siri wa redio kutoka Lublin. Waingereza waliudaka na kuufungua lakini hawakuelewa ni nini, ukatupwa kwa makaratasi ukakaa hadi mwaka 2000 ndio watafiti wakauona. Una herufi nne na namba. B 434,508. S 101,370. L 24,733. T 71355. Halafu jumla 1,274,166. Namba ni Wayahudi waliofikishwa, na herufi ni kambi: Belzec, Sobibor, Lublin yaani Majdanek, na Treblinka. Sasa chukua kikokotoo ujumlishe, utakuta haifiki, imepungua sana. Ni karani aliruka tarakimu moja ya 5 kwa T. Weka 713,555 na jumla inakaa sawasawa mpaka mtu wa mwisho. Na jumla hiyo hiyo, 1,274,166, iko kwa ripoti nyingine kabisa ambayo mtakwimu wa SS, Richard Korherr, aliagizwa kuiandika na Himmler, mkuu wa SS, mwaka huo wa 1943. Hiyo ni ya hadi mwisho wa 1942 peke yake, na ni kambi nne, Auschwitz haimo.

Ukitoka kwa makaratasi ya wauaji kuna njia ya pili isiyohitaji kuamini mtu yeyote wa SS, ni kuangalia nani alikuwako kabla na nani alibaki. Poland ilikuwa na Wayahudi kama milioni 3.3 kabla ya vita na karibu milioni 3 waliuawa. Ukifanya hivyo nchi kwa nchi unapata kati ya milioni 5 na kitu hadi milioni 6, na hapo katikati ndipo wataalamu hubishana, mwanahistoria Raul Hilberg kwa mfano alisema milioni 5.1. Huo ni ubishi wa kweli, wa watu walio na mafaili mkononi. Na majina nayo yanakusanywa moja moja huko Yad Vashem, makumbusho ya mauaji hayo, Jerusalem, yameshafika karibu milioni 5. Jamaa yenu wa sauti ana dakika tatu na bando.

SWALI: Mwalimu, mimi nimetoka Eldoret nasoma hapa Nairobi. Ni kweli Wayahudi walikuwa wapewe kwetu? Na kama wangekuja si wangepona Hitler?

JIBU: Ni kweli. Aprili 1903 huko Kishinev, himaya ya Urusi, watu waligeukia majirani zao Wayahudi wakaua 49, juu ya uvumi kwamba Wayahudi wameua mtoto wachukue damu yake, na mtoto mwenyewe alikuwa ameuawa na mtu wa familia yake. Mwaka huo Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, ambaye alikuwa amepita huku na reli miezi michache kabla, akatoa ofa ya ardhi ya Uasin Gishu. Theodor Herzl, kiongozi wa Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao, akaipeleka kwa mkutano wao wa Basel, Agosti: 295 wakasema sawa, 178 wakakataa, na walikuwa wanapigia kura tu kutuma watu waje waangalie! Wajumbe wa Urusi, hata wale wa kutoka Kishinev yenyewe, walitoka ukumbini wengine wanalia, hawakutaka kusikia mahali pengine isipokuwa Palestina. Hapa Nairobi walowezi wakiongozwa na Lord Delamere walipiga kelele vilevile. Watu watatu walifika kuangalia mapema 1905, ripoti haikupendeza, mkutano wa mwaka huo ukafunga stori.

Wenye ardhi hawakuulizwa na mtu. Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliitwa kwa mazungumzo na Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza, akapigwa risasi, na 1908 Makaburu wakaingia na magari yao ya ng'ombe.

Kupona? Wachache labda. Lakini mimi naona swali kali zaidi ni la miaka ya 30, wakati Wayahudi wa Ujerumani walikuwa wanabisha milango yote. Julai 1938 nchi 32 zilikutana Evian, Ufaransa, wakahurumia sana, karibu wote wakaenda nyumbani bila kuongeza nafasi. Kenya ya wakati huo ilichukua wachache mno, na vita vilipoanza 1939 baadhi yao wakawekwa kizuizini kama raia wa nchi adui. Yaani umemkimbia Hitler, unafungwa kwa kuwa Mjerumani.

SWALI: Ni watu wangapi wafe ndio iitwe mauaji ya kimbari? Mimi na wife tumebishana.

JIBU: Hakuna idadi, kwa hivyo nyote mmepoteza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 9 Desemba 1948 unaangalia nia, kwamba unataka kuangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu yake. Srebrenica, huko Bosnia, Julai 1995, waliuawa wanaume na vijana kama 8,000 na korti ikasema ni kimbari. Vita vingine vimeua watu wengi kuliko hao mara kadhaa na havikuitwa hivyo. Mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilikaa hapo Arusha, Septemba 1998, kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda. Na Jean Kambanda, waziri mkuu wa ile serikali ya mauaji ya 1994, alishikwa hapa Nairobi Julai 1997, akakiri mwenyewe, akafungwa maisha. Hukumu zote mbili ziko wazi kwa umma mnaweza kuzisoma, ila ni ndefu, mgawane kurasa.