Mwalimu Kwanza, Hoteli Baadaye: Ushauri kwa Familia Inayokwenda Kujifunza Skii

Msomaji mmoja wa Kisumu aliniandikia majuzi akitaka kujua ni hoteli gani ya Austria inayoifaa familia yenye watoto watatu ambao wangependa kujifunza skii, yaani mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa vibao virefu vilivyofungwa miguuni, katika likizo ya Desemba. Alikuwa ameorodhesha hoteli kadhaa, bei za vyumba na hata aina ya kifungua kinywa, lakini katika ujumbe mzima hapakuwa na neno lolote kuhusu mwalimu. Nilimjibu, na kwa kuwa najua wengi wenu mmekwisha kuanza kuweka akiba ya safari kama hiyo, naleta jibu lenyewe hapa, tena kwa urefu.

Sisi tulikwenda kwa dada yangu, ambaye ni muuguzi mjini Innsbruck, Austria. Habari za viza, tiketi na makoti mazito nitaziruka, kwa sababu zimeandikwa mno na hazina utamu. Nitaanzia mlimani, katika shule ya skii ambayo sitaitaja, ambako binti yangu, aliyekuwa darasa la tano, alipangwa kundi moja na watoto wa miaka minne. Kijana aliyekuwa akigawa wanafunzi alisikia kwamba tumetoka Kenya, akacheka, akasema, "Marathoni!", kisha akaliandika jina la mwanangu katika orodha ya wadogo bila kumuuliza chochote. Hakujua, wala hakutaka kujua, kwamba msichana huyo amekuwa akiteleza kwa viatu vya magurudumu katika barabara za mtaa wetu hapa Nakuru tangu alipokuwa mdogo, na kwamba mtu aliyezoea magurudumu huja mlimani akiwa tayari anaweza kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine bila kuanguka, jambo ambalo wanaoanza wengine huhangaika nalo sana. Mwalimu anayempanga mtoto kabla ya kumuuliza ni kama fundi wa nguo anayekata kitambaa kabla ya kupima.

Asubuhi nzima binti yangu alisimama foleni kwenye mkanda unaowapandisha watoto kilimani, akingoja zamu nyuma ya vitoto vilivyokuwa vikilia kwa Kijerumani, huku maelekezo yote yakitolewa kwa lugha hiyohiyo. Nilimwona akijifuta machozi kwa glavu. Hadi leo nikikikumbuka kile kicheko damu hunichemka, na sioni haya kulisema hilo.

Ilipofika saa sita nilikwenda ofisini kwao nikataka abadilishiwe mwalimu. Walijaribu kunituliza kwa maneno laini, nami nikaendelea kusimama pale mezani mpaka wakachoka. Wakampeleka kwa mama mmoja wa makamo, ambaye kabla ya kumfunga skii miguuni alimuuliza: unacheza mchezo gani nyumbani, unaogopa nini zaidi, na je, unanielewa nikisema Kiingereza? Kisha akapiga magoti kwenye theluji, akakikagua kiatu chake, akagundua kwamba kisigino kinainuka ndani, akatuagiza turudi dukani tukabadilishiwe kabla ya somo kuanza. Kiatu cha skii kikiwa kikubwa, mguu hugeuka lakini skii haigeuki, na mtoto huonekana mzito wa kuelewa ilhali tatizo si lake hata kidogo. Baada ya hapo sikuwa na kazi tena ila kutazama.

Siku ya mwisho binti yangu aliushuka mteremko wa buluu akikata kona kulia na kushoto mpaka chini. (Katika nchi nyingi za Ulaya mteremko wa buluu ni wa wanaoanza, mwekundu ni wa kati na mweusi ni wa waliobobea, Ufaransa wana pia wa kijani, ulio rahisi kuliko wa buluu.) Akapata medali katika mashindano madogo ambayo shule nyingi za huko huwaandalia watoto mwishoni mwa juma la masomo. Medali hiyo imetundikwa sebuleni kwetu, na hakuna mgeni anayeketi kwenye kochi akaondoka bila kusikia habari zake. Mume wangu anasema nimezidi, lakini aliyegongelea msumari ni yeye.

Sasa nije kwenye ushauri. Kabla ya kulipia kitanda, iandikie shule ya skii na uulize ni watoto wangapi katika kundi moja, kwa sababu kila mtoto anayeongezeka hupunguza muda wa mwingine wa kuteleza na huongeza muda wa kusimama kwenye baridi. Kwa maoni yangu wakizidi wanane, tafuta kwingine. Uliza kama mwalimu atazungumza Kiingereza, na ujibiwe kwa maandishi. Uliza amehitimu daraja gani. Austria mwalimu wa ngazi ya kwanza huitwa Anwärter, juu yake yuko Landeslehrer, na kileleni yuko mwenye diploma ya serikali. Ufaransa sheria inamtaka anayefundisha kwa malipo awe na diploma ya serikali au awe bado mafunzoni. Lakini cheti hakimfanyi mtu awe na subira, na kijana wa ngazi ya kwanza anayependa watoto atamfaa mtoto wa miaka sita kuliko bingwa anayetazama saa.

Jambo ambalo wengi wetu hatulifikirii ni siku ya kuanza. Makundi ya wanaoanza kwa kawaida hufunguliwa Jumapili au Jumatatu, na mtoto anayefika Jumatano kwa sababu tiketi ya ndege ilikuwa nafuu huwakuta wenzake wamekwisha kujifunza kusimama, naye huachwa nyuma. Kati ya Krismasi na Mwaka Mpya walimu wazuri huwa wamechukuliwa mapema sana. Ukienda mwanzoni mwa Desemba utapata nafasi, ila chagua sehemu za juu zenye barafu ya kudumu, kama Stubai au Hintertux katika jimbo la Tyrol, kwa kuwa mabonde ya chini huenda yakawa bado hayana theluji. 

Somo la faragha linatisha kwa bei mpaka upige hesabu. Mara nyingi hulipiwa kwa saa, na kila kichwa kinachoongezeka hutozwa nyongeza tu au hakitozwi kabisa, hivyo familia ya watu wanne inaweza kugawana saa mbili za mwalimu mmoja bila kupita sana gharama ya nafasi nne katika makundi. Mimi ningeanza na siku moja ya faragha, kisha niwapeleke watoto kwenye kundi wapate marafiki.

Hakikisheni pia mnanunua somo la mchezo mnaoutaka. Philip Boit, aliyetuwakilisha katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani, mwaka 1998 na kupokewa kwenye mstari wa mwisho na bingwa Bjørn Dæhlie, alishindana katika skii za masafa, ambazo hutaka pumzi na miguu ya mkimbiaji. Sabrina Simader, aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki hiyo huko Korea Kusini mwaka 2018, alishindana katika kushuka milima kwa kasi, na alijifunzia Austria tangu utotoni. Walimu wa michezo hiyo miwili si walewale.

Na ninyi wazazi wenzangu, acheni kusimama kando ya mteremko mkipaza sauti na kupiga video. Mtoto hawezi kuwasikiliza watu wawili kwa wakati mmoja, na sauti ya mama humshinda mwalimu yeyote. Akina baba, msijitolee kufundisha kwa sababu mmetazama video mbili usiku. Mtoto wa jirani akianza kuteleza kabla ya wako, mwacheni ateleze. Mkiona mwalimu hafai, msinyamaze kwa kuogopa kuonekana washamba. Mmelipa fedha sawa na wengine, na kubadilishiwa mwalimu si fadhila.

Kwa wanaoona Ulaya ni mbali, kituo cha skii cha Afriski kiko Lesotho, katika milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na msimu wake huangukia majira ya baridi ya kusini, yaani kuanzia Juni hadi Agosti, wakati shule zetu zinapofunga kwa likizo ya Agosti. Watu wengi hupitia Johannesburg na kumalizia safari kwa gari, na tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza kwa siku 90. Miteremko ni michache na haitamshughulisha mtelezaji hodari kwa wiki nzima, lakini anayeanza hahitaji mingi. Kiingereza ni lugha rasmi huko, kwa hiyo swali la lugha mnaweza kuliacha. La idadi ya watoto katika kundi liulizeni vilevile.