Kurusha droni palipo na chuma: kwa mnaoanza kazi za saiti

Wengi mnaoingia kwenye upimaji na upigaji picha za angani mnaogopa ule ujumbe mwekundu wa hitilafu ya dira. Droni ikigoma kuruka, hakuna kilichoharibika. Umepoteza dakika kumi na subira ya mteja. Shida iko kwa ile inayokubali kuruka huku dira yake imepinda digrii 30 kwa sababu ya nondo zilizo chini ya zege. Hiyo utaijua ikiwa tayari iko hewani.

Elewa kwanza kinachotokea, maana ukikielewa nusu ya ushauri huu utajipa mwenyewe. GPS inaiambia droni iko wapi. Ikiwa imetulia sehemu moja, GPS ya kawaida haiwezi kuiambia pua yake imeelekea wapi. Hiyo ni kazi ya dira. Upepo ukiisukuma mashariki, kompyuta yake inaamua kuiinamisha kuelekea magharibi ili irudi. Sasa kama inaamini pua iko kaskazini na kumbe iko kaskazini-mashariki, itainama upande usio wake. GPS inaripoti kosa jipya, inarekebisha tena, inakosea tena, na droni inaanza kuchora duara angani. Kosa la digrii chache unaweza usilione kabisa. Likiwa kubwa, duara linapanuka kila mzunguko. Likipita digrii 90, kila inapojitahidi kurudi ndipo inapozidi kwenda.

Usumaku wa dunia ambao dira inautegemea ni dhaifu. Kwa Dar es Salaam au Nairobi ni kama mikrotesla 33 (mikrotesla ni kipimo cha nguvu ya usumaku). Ila tuna bahati moja: huku kwetu sehemu kubwa ya usumaku huo imelala karibu sambamba na ardhi, wakati Ulaya ya kaskazini unazama chini kwa mteremko mkali, na ile sehemu iliyolala ndiyo inayoipa dira mwelekeo. Kwa hiyo droni ikilalamika hapa, usikubali maneno ya "ndivyo zinavyokuwa". Kuna chuma karibu, kitafute.

Kitakuwa wapi? Zege la ghorofa lina nondo, na hapo ndipo vijana wengi hupenda kurukia kwa sababu ni tambarare na hapana vumbi. Mabati, mfuniko wa chemba, kontena, boneti ya gari, rundo la mabomba, reli, sakafu ya pantoni: vyote ni chuma. Kwenye mashamba ya sola kuna fremu za chuma na pia nyaya za umeme wa mkondo mnyoofu (DC), ambao unazaa usumaku usiobadilika-badilika. Mahali pengine ni mwamba wenyewe. Liganga kule Ludewa madini yake ya chuma ni ya aina ya magnetiti, yenye usumaku wa asili, na hapo utahama upande huu na ule na dira isitulie. Mnara wa simu nao unasingiziwa sana. Mawimbi yake yanaweza kusumbua mawasiliano ya rimoti, lakini kinachopindisha dira ni vyuma vya mnara, si mawimbi.

Sasa kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Droni inalalamika juu ya zege, skrini inashauri kalibresheni (kuirekebisha dira upya), rubani anaiinua anaizungusha palepale, ujumbe unatoweka, anafurahi. Alichofanya ni kuifundisha droni kwamba nondo za jengo lile ni sehemu ya mwili wake. Ikishapanda mita kumi nondo zinabaki chini, na hesabu yake inabaki na masahihisho ya kitu ambacho hakipo tena. Kalibresheni ipo kwa ajili ya vyuma vya droni yenyewe. Ikilalamika, izime, hama hatua ishirini au thelathini, iwashe upya. Mara nyingi inanyamaza. Ukilazimika kufanya kalibresheni, nenda uwanja wa udongo au majani mbali na gari, na uondoe mwilini simu, funguo na saa.

Kuhama huku kunasaidia kuliko mtu anavyodhani, kwa sababu athari ya kipande cha chuma hushuka haraka: ukiwa mbali nacho mara mbili, inabaki karibu moja ya nane. Ndiyo maana pale ambapo huna udongo kabisa, kuinua droni tu kunafaa. Kreti ya soda ya plastiki, tupu, iliyogeuzwa, ni kifaa kizuri. Mbili zikipandana vizuri ni bora zaidi. Hakikisha hakuna vizibo ndani, maana ni chuma. Nondo zikiwa zimesukwa eneo zima hazipungui nguvu kwa kasi hiyo, lakini nafuu ipo. Usitue juu ya kreti, itaangusha droni. Na usiishike mkononi kuirusha eti unakwepa zege, isipokuwa umefundishwa na ni droni ndogo kweli. Propela hazina huruma na vidole.

Kabla ya kuitoa droni kwenye begi, pima ardhi kwa simu. Fungua programu ya dira, vua kava kama lina sumaku, shika simu chini karibu na kifundo cha mguu, utembee taratibu kwa mstari mnyoofu bila kuigeuza. Mshale ukiyumba, chini kuna chuma. Programu nyingine zinaonyesha mikrotesla. Ukiona 60 au 15 wakati ulitegemea 33, ondoka.

Halafu kuna ukaguzi ambao mimi siuruki hata mvua ikinikaribia. Elekeza pua ya droni sambamba na kitu kinachoonekana kwenye ramani ya satelaiti, kama barabara, ukuta au kingo ya bwawa, kisha tazama mshale wake kwenye skrini. Ukipishana na barabara ile waziwazi, usiwashe mota, hata kama taa ni za kijani zote. Igeuze robo mzunguko utazame tena. Inachukua muda mfupi kuliko kujibizana na mteja kwa nini hujaruka.

Ukipanda, simama mita tatu hadi tano, achia stiki, subiri kama sekunde ishirini. Ikitulia, endelea. Ikianza kuzunguka, usibonyeze kitufe cha kurudi nyumbani, kwa sababu safari hiyo nayo inategemea mwelekeo uleule uliopotoka. Shusha papo hapo. Kama droni yako ina modi isiyotumia GPS, hamia huko: itapeperuka na upepo, lakini itatii stiki kwa kufuata pua yake. Droni nyingi ndogo za siku hizi hazina swichi hiyo, kwa hiyo kwao kimo kifupi ndicho kinga uliyo nayo. Wenye nayo, jizoezeni uwanjani siku ya upepo mdogo. Si jambo la kujifunzia juu ya paa la watu.

Wanaojiundia droni kwa ArduPilot au PX4, programu za kuziongoza, wana njia zaidi: dira huwekwa juu ya mlingoti mbali na nyaya za betri, na matoleo ya karibuni yanaweza kukisia mwelekeo kutokana na mwendo wa GPS pale dira inapochanganyikiwa. Ila makisio hayo yanahitaji droni iwe inasogea. Kazi yako ikiwa ni ya kudumu kando ya reli au ndani ya yadi ya makontena, weka bajeti ya GPS ya antena mbili, ambayo inajua pua iliko bila kuiuliza dira.