Usimtafute Babu, Itafute Meli Yake

Dada mmoja kaniandikia wiki hii kwamba amechoka. Babu yake alikuwa baharia kwenye meli za biashara za Uingereza, lakini kila akiliandika jina lake mtandaoni hapati kitu, na nyumbani wameanza kumwambia awaache wafu wapumzike. Dada yangu, usikate tamaa. Hata mimi niliambiwa, tena mbele za watu, na mzee wa ukoo wetu, kwamba babu mzaa baba yangu hakuwahi kukanyaga meli, hizo ni hadithi za kujikweza. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma. Lakini leo ushahidi ninao.

Siri ni moja: itafute meli. Uingereza ilianza kuandikisha mabaharia wa meli za biashara mwaka 1835, ikaacha 1857, ikaja kuanza upya 1913. Katika pengo hilo hakuna daftari kuu la majina. Zilizopo ni orodha za mabaharia wa kila meli, na nyingi zimepangwa kwa namba rasmi ya meli. Namba hizo zilianza kutolewa 1855, na meli hubaki na yake hata ikiuzwa ikapewa jina jingine.

Mimi nilianzia orodha za 1915, kwa sababu zimenakiliwa na kuwekwa mtandaoni bure. Jina la babu halikutokea. Nikaingiza jina la meli ambalo bibi alikuwa akilitaja, nikashuka mstari kwa mstari, nikamkuta: mtia makaa, umri na mahali alikozaliwa ni vilevile, ila jina karani kaliandika alivyolisikia, herufi zimevurugika kabisa. Mahali pa saini pana alama ya X, mkono mmoja wake umevutwa mrefu kupita mwingine. Ule ni mkono wa babu yangu. Nililia, na sioni haya kusema.

Kisha tazama safu inayotaja meli aliyotoka. Hiyo ni dhahabu! Ukiwa na jina la meli ile unatafuta namba yake, unaagiza orodha yake, nayo inakutajia meli ya kabla yake. Hivyo ndivyo nilivyomfuata babu kurudi nyuma, meli hadi meli.

Watu wengi huishia London wakadhani wamemaliza. Takriban asilimia 70 ya orodha za 1863 hadi 1938 ziko St. John's, Newfoundland, huko Kanada, kwenye hifadhi ya chuo kikuu. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, ina sampuli ya asilimia 10. Makumbusho ya Taifa ya Bahari, yaliyoko Greenwich, humo humo London, yana za miaka inayoishia na 5, kama 1875 na 1885. Ukikosa hapa, nenda pale. Nakala zinalipiwa na majibu huchelewa, vumilia.

Wazee wenu waulizeni leo, si mwakani. Msiwaulize tu babu alikuwa nani; waulizeni alipanda meli gani, alishukia wapi, alifanya kazi gani humo. Umri ulioandikwa msiuamini sana, mabaharia waliuongeza na kuupunguza. Na kama wako alikuwa bado baharini kati ya 1918 na 1921, ulizieni kadi za mabaharia zilizohifadhiwa mjini Southampton, Uingereza, maana nyingi zina picha ya mwenyewe. Ya babu yangu nimeshaiombea.