Kabati la kona: pimeni ukuta kwanza, wanangu

Vijana wa useremala, wa mafunzo ya amali na nyinyi mlojifunzia kwenye karakana za mitaani, leo nna neno na nyinyi. Kila siku nakuta kijana keshakata shiti nzima ya marini, ile plaiwudi ya kuhimili maji, kwa vipimo alivotumiwa na mteja kwenye WhatsApp, sentimita 70 kwa 70, mchoro umenyooka safi, na nyumba yenyewe hajaiona hata mlango wake. Ukimuuliza kona umeipima anakwambia "fundi, kona si kona tu, digrii 90". Sasa hapo mimi moyo unanienda mbio kwa sababu shiti ile ni pesa ya mtu na kijana mwenyewe mkono wake mzuri, anakata vizuri kuliko mimi nilivokuwa umri wake, anachokosa ni kwenda kuangalia tu.

Kabati la kawaida ukikosea sentimita moja unalisogeza, hakuna anaeona. La kona limebanwa na kuta mbili, halina pa kwenda, upungufu wowote wa ukuta unajitokeza pale pale mbele ya macho ya mwenye nyumba.

1. Pima kona kwa 60, 80, 100. Tia alama sentimita 60 ukuta mmoja, 80 ukuta wa pili, halafu pima mshazari baina ya alama mbili. Ikija 100 kona imekaa sawa. Ikizidi imefunguka, ikipungua imebana. Ikija 101.7 basi hiyo imefunguka kama digrii mbili, na digrii mbili kwa ukuta wa sentimita 70 ni pengo la karibu sentimita mbili na nusu, kidole gumba kinaingia na mende anaingia. Na usipime chini peke yake! Pima chini, pima usawa wa kiuno, pima juu litakapoishia kabati, halafu teremsha timazi uone ukuta unalala upande gani. Nyumba za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene nusu mita na zaidi, umepakwa chokaa juu ya chokaa miaka na miaka, mahala pana tumbo mahala pana shimo. Za matofali huko Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, zina nafuu lakini msiziamini sana, kuna kona nimezikuta nyumba mpya kabisa rangi haijakauka na zimepinda.

2. Chukua katoni la friji, likate mpaka likae kwenye kona yenyewe, andika juu yake "chini", "kati", "juu", nenda nalo karakana. Katoni halisemi uongo. Halafu sanduku la kabati lijenge dogo kwa sentimita mbili au tatu kila upande, na pengo utaliziba kwa kipande cha ubao ulichokichonga kufuata ukuta. Unakisimamisha kile kipande, unaburuza penseli ikiwa imelala juu ya kijibao kidogo kinachogusa ukuta, mstari unakuja na matumbo yote ya ukuta, unakata hapo unamalizia kwa randa ndogo na msasa. Hiki ndo kitu cha kujifunza kuliko mashine zote mnazozitamani.

3. Ukuta wa watu usiuguse. Hapa nitakaa kidogo.

Tulipata kazi nyumba moja ya zamani upande wa Malindi, hapa hapa Mji Mkongwe, ya bi mkubwa mmoja, anataka kabati la kona la kuwekea nguo na vyombo vyake vya shughuli. Kabati lilikuwa la mninga, milango ya paneli, kazi nzuri sana, mpaka leo nasema kazi nzuri. Lakini mimi nilipima chini tu, tena kwa haraka, kwa sababu palikuwa na kitanda na masanduku na niliona tabu kumwambia atuondoshee. Tumelipandisha ngazi zile nyembamba vijana wanne wanatoka jasho, tumelifikisha, tunalisukuma kwenye kona, chini limeingia, juu limekataa. Ukuta ulikuwa umekuja mbele kule juu kama tumbo la mtu alieshiba. Hapo jambo la sawa lilikuwa kulirudisha karakana, kulipunguza nyuma, kurudi siku nyengine. Mimi nikasema lete patasi na nyundo, tuuchonge ukuta kidogo.

Chokaa ya zamani haichongeki kidogo. Imeshikana yenyewe kwa yenyewe kuliko ilivoshikana na jiwe, ukigonga mahala pamoja inaachia kipande kizima. Ilianguka ya ukubwa wa sinia la biriani, ikaonekana matumbawe yenyewe na udongo mwekundu, vumbi likajaa chumba kizima na kitanda cha watu. Bi mkubwa alikuja mlangoni na kanga yake kajitanda, akaangalia, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwanangu, ukuta huu kaujenga babu yangu." Nilitamani anigombeze.

Halafu nikaongeza la pili juu ya la kwanza: nilimleta mtu akapiga plasta ya saruji pale pale, tukalisukuma kabati mbele yake, tukapokea pesa tukaondoka. Masika ya mwaka ule akaniita. Saruji haipumui kama chokaa, maji ya ukutani yakakosa pa kutokea, plasta ikafura ikaachia, kabati limegusa ukuta kwa nyuma hakuna upepo, nguo zake za harusi za mabinti zake zimeota kuvu. Zile doti za kanga na zile baibui nilizishika kwa mkono wangu zikanuka. Nililitoa kabati, nikatafuta fundi mzee anaejua chokaa, plasta ile ikabanduliwa ikapigwa upya kwa chokaa, na mgongo wa kabati nikaujenga upya na pengo la hewa. Pesa zilinitoka, lakini nguo zile hazikurudi. Kwa hivo nikimuona kijana anashika patasi mbele ya ukuta wa Mji Mkongwe nitapiga kelele na asinikasirikie.

Faida yake ni hii: baina ya mgongo wa kabati na ukuta acha hewa, sentimita mbili au tatu, toboa matundu chini na juu upepo upite, kabati lisimame kwa miguu yake mwenyewe. Usilitundike ukutani, plagi za kutanuka, zile za kushikia skrubu, kwenye chokaa hazishiki, zinakula ukuta tu.

4. Chipbodi na MDF, zile mbao za unga na gundi, kwa hali ya hewa yetu, hasa chumba cha chini, hapana. Ikinywa maji inafura na hairudi.

5. Paneli ya mbao nzima usiitie gundi kwenye fremu, iache icheze ndani ya mfereji wake, maana mbao inatanuka upande wa mapana na gundi itaipasua.

6. Skrubu na bawaba ziwe za shaba au stenlesi, chumvi ya bahari haimsamehi mtu.

7. Kabla hujakata chochote pima mlango na ngazi za mteja. Kabati la pembe tano la 90 kwa 90 lenye urefu wa mtu halipiti mlango wa 80, hata mlipindishe vipi, na nimeona watu wanabishana na jambo hili mpaka magharibi. Lijenge vipande viwili, uliunge ndani.

8. Mlango wa mshazari, unaokata kona kwa mbele: kama kabati limeshika sentimita 70 kila ukuta na ubavu wake ni 35, inayobaki ni 35, zidisha kwa 1.414 unapata 49 na nusu. Hiyo ni kona ya digrii 90 tu, na hapo sote tunarudi kwenye namba moja, kapime.

9. Mlango ukibana wakati wa masika usikimbilie randa. Umefura kwa unyevu, ukiuchonga sasa hivi kiangazi utakuwa na pengo la kupitisha mjusi. Mwambie mteja asubiri, huo mlango upake nta pembeni ili usogee, na ukishakauka kaskazi ikiingia nenda ukaangalie, kama bado unabana ndo uchonge, upande wa bawaba, kidogo kidogo, halafu zile kingo ulizochonga uzipake vanishi siku ile ile.