Rekodi za SEAL si siri

Je, ni kweli kwamba aliyekuwa SEAL, yaani komando wa jeshi la majini la Marekani, hakaguliki kwa kuwa rekodi zake ni siri? Hapana, anayedai hivyo anadanganya. Siri ni operesheni. Cheo, mafunzo na nishani hubaki kwenye faili lake. Jaza fomu SF-180 ya kuomba rekodi za kijeshi, uitume National Personnel Records Center, kituo cha kutunza rekodi hizo kilichoko St. Louis, Marekani. Taarifa hizo za msingi hutolewa hata bila idhini yake. Nakala ya DD-214 (cheti cha kumaliza utumishi jeshini) anayokuonyesha mwenyewe usiitegemee, inaghushika kirahisi mno. Akisingizia moto wa 1973 katika kituo hicho, rekodi zilizoungua ni za jeshi la nchi kavu na la anga, si za majini. Ila polisi hawatamkamata kwa uongo mtupu: sheria ya Marekani ya 2013 humbana anayedai nishani fulani ili apate pesa au manufaa.