Kuzima na kuwasha mashine pepe kwa skripti umeme ukikatika (KVM na virsh)

Mkuu wa Iringa, swali lako nimelielewa hivi: una seva moja ya Ubuntu yenye KVM (mfumo wa kuendesha kompyuta kadhaa ndani ya moja), ndani yake mashine pepe tano, na umeme ukikatika unakimbilia virt-manager (dirisha la kuzisimamia) kuzima moja moja kwa kipanya kabla UPS (betri ya akiba) haijaisha chaji. Unataka skripti ifanye kazi hiyo hata ukiwa safarini. Nakujibu kwa namna ninavyofanya mwenyewe, maana natunza seva kama hiyo ya wauza pembejeo hapa Mbeya: duka Mwanjelwa, ghala Mbalizi, na tawi Makambako linaloingia kwa intaneti. Novemba wakulima wanapofuata mbolea ndipo na radi zinapoanza, kwa hiyo suala hili nalijali kuliko kazi zangu nyingine zote.

Kwanza, kuna mwenzetu aliyekushauri upige `virsh destroy` kwa mashine zote (virsh ni chombo cha kuziamuru mashine pepe kwa maandishi). Ushauri huo siukubali hata kidogo. Ni kweli haifuti diski, lakini kwa mfumo ulio ndani ni sawa na kung'oa waya ukutani. Databezi iliyokuwa katikati ya kuandika itaamka ikiwa na kazi ya kujirekebisha, na ikishindwa, atakayekesha ni wewe.

Amri ya kutumia ni `virsh shutdown`. Sasa angalia inavyojibu, tena papo hapo:

Domain 'mauzo' is being shutdown

Jibu hilo maana yake ni kwamba ishara ya kuzima imetumwa, basi. Mashine inaweza kuchukua dakika kadhaa, Windows inaweza kuwa inamalizia masasisho yake, na nyingine inaweza kuipuuza ishara kabisa. Watu wanaandika mistari mitano ya shutdown, wa sita unazima seva, wanalala usingizi. Kumbe seva inaondoka huku databezi bado inafunga mafaili yake. Skripti lazima iulize hali ya mashine, iulize tena, mpaka iambiwe imezimika. Yangu kiini chake ni hiki:

```
#!/bin/bash
export LC_ALL=C
export LIBVIRT_DEFAULT_URI=qemu:///system

zima() {
  local m="$1" kikomo="$2" s=0
  virsh shutdown "$m"
  while [ "$(virsh domstate "$m")" != "shut off" ]; do
    sleep 5
    s=$((s+5))
    [ "$s" -ge "$kikomo" ] && return 1
  done
  return 0
}

zima mauzo 120 || virsh destroy mauzo
zima ripoti 120 || virsh destroy ripoti
zima hifadhidata 300 || virsh managedsave hifadhidata
shutdown -h now
```

Mistari miwili ya juu usiifute ukadhani ni mapambo. virsh hutafsiri majibu yake kufuata lugha ya mfumo. Seva ikiwa kwa Kifaransa, "shut off" haitatokea kamwe na skripti itasubiri hadi kikomo kila mara. Wa pili ni kwa sababu mtumiaji wa kawaida akipiga `virsh list --all` bila kutaja anwani, anaweza kupelekwa qemu:///session (upande wa mtumiaji binafsi), akaona orodha tupu na kudhani mashine zimepotea. Zipo, ila ziko upande wa system.

Mpangilio una maana. Wanaoitegemea databezi wanazimwa kwanza, databezi mwisho. Na databezi ikigoma siipigi destroy. Naipa `managedsave`, ambayo inaandika kumbukumbu yote ya RAM kwenye diski na kuisimamisha hapo ilipo. Ukiiwasha inaendelea ilipoishia. Lakini piga hesabu: RAM ya GB 8 kwenye diski ya kawaida inayoandika MB 100 kwa sekunde ni kama sekunde 80, na betri lazima izimudu juu ya kikomo cha mwanzo. Ikishaamka, hakikisha chrony imeisawazisha saa, la sivyo risiti zitatoka na muda wa jana.

Kwa mashine za Windows weka qemu-guest-agent (programu ndogo inayopokea amri za seva) ndani, kisha tumia `virsh shutdown --mode agent`. Inasikia vizuri zaidi kuliko ishara ya ACPI (sawa na kubonyeza kitufe cha kuzima) peke yake.

Kuiunganisha skripti na UPS natumia NUT, programu inayofuatilia hali ya UPS. Usiache izime mara tu umeme unapokatika, kwa sababu huku kwetu wingu likitanda Loleza umeme unaweza kwenda na kurudi ndani ya dakika moja, na utakuwa umewatoa watu wote kazini bure. Kwenye upssched (sehemu ya NUT inayopanga muda) weka kipima muda kianze UPS inapoingia kwenye betri (ONBATT) na kifutwe umeme ukirudi (ONLINE). Muda ukiisha, kipige `upsmon -c fsd` (amri ya kulazimisha kuzima), na skripti yetu iwe ndiyo SHUTDOWNCMD, yaani amri ambayo NUT huiendesha kuzima seva. Njia hiyo ina faida kubwa: upssched huendeshwa na mtumiaji asiye na mamlaka juu ya mashine pepe, ila SHUTDOWNCMD inaendeshwa na root, mwenye mamlaka yote.

Mwingine aliyekupendekezea libvirt-guests, huduma iliyo tayari ya kuzima mashine pepe seva inapozimwa, hajakosea. Kwenye /etc/default/libvirt-guests ukiweka ON_SHUTDOWN=shutdown na SHUTDOWN_TIMEOUT ya kutosha, inazima na kusubiri bila skripti yoyote. Kama mashine zako hazitegemeani, chukua hiyo, uokoe muda wako. Mimi sikuibakiza kwa sababu haijui nani anamtegemea nani.

Kuwasha nako ni vilevile. `virsh autostart` nimeiwekea databezi tu. Zile nyingine zinawashwa na skripti ya pili, ambayo inasubiri mlango wa databezi ufunguke:

```
until nc -z 192.168.10.5 5432; do sleep 3; done
virsh start mauzo
virsh start ripoti
```

Usitegemee domstate hapa. Itasema "running" tangu sekunde ya kwanza, wakati PostgreSQL (databezi yenyewe) ndani yake haijaanza kupokea mtu yeyote.

Halafu kuna hili linalosahaulika: kwenye BIOS weka seva ijiwashe yenyewe umeme ukirudi. Ila umeme ukirudi wakati skripti iko katikati ya kuzima, seva itazimika huku UPS haijawahi kukata, na hakuna kitakachoiamsha hadi mtu abonyeze kitufe. Dawa yake ni NUT kuiamuru UPS ikate na kurudisha umeme mwishoni mwa kuzima. Tafuta POWERDOWNFLAG kwenye upsmon.conf, na uhakikishe UPS yako inaikubali amri hiyo. Si zote.

Ukishaweka vyote, chagua Jumapili jioni duka likiwa limefungwa, chukua bakapu, kisha chomoa UPS ukutani usubiri bila kugusa kitu. Kikomo cha kila mashine kitokane na ulichokiona siku hiyo, maana betri ya UPS iliyochoka inaweza kusema ina asilimia 40 na kufa palepale. Weka hapa matokeo ya `virsh list --all` na RAM ya kila mashine, tukupangie mfuatano na vikomo.