Kiki haipigwi kwa paja: maneno kwa wapiga drams wapya

Nyinyi mnaoanza drams nakupendeni, lakini wallahi mnanipandisha presha. Kila nikipita mazoezini namkuta mwengine kajikunja, shingo imekakamaa, mguu mzima unapanda na kushuka kama mtu anatwanga kisamvu, na kiki yenyewe, yaani lile pigo la besi dramu kwa mguu, haisikiki. Hebu tusemezane.

1. Kiti. Nyonga iwe juu kidogo ya goti. Basi.

2. Bita, kile kirungu cha pedali kinachopiga ngozi ya dramu, irudi. Hili nishalisema mpaka mate yamenikauka. Ukiibana kwenye ngozi sauti inakufa pale pale, na mguu haupati kupumzika baina ya pigo na pigo. Wapo mafundi wanaoizika makusudi wakitaka kiki fupi, kavu, sawa, lakini wao wakitaka wanaiachia, nyinyi bado hamuwezi. Weka kisigino chini, piga moja kwa kifundo cha mguu tu, halafu inamisha macho uitizame bita. Ikirudi nyuma na kuyumbayumba, vizuri. Ikiganda kwenye ngozi, aliyeigandisha ni wewe.

3. Springi ya pedali, ukaze wake anza katikati. Na chumvi ya bahari yetu hii inakula chuma, kwa hiyo futa cheni, tia tone la mafuta, usingoje ianze kulia kwii kwii mbele za watu.

4. Zulia, jamani, zulia! Hapa nna kisa changu, chekeni tu. Tulipata kazi hoteli moja kule kaskazini, sakafu ya vigae inateleza, na zulia langu nimeliacha nyumbani kwa uvivu wa kulibeba kwenye daladala. Nikaazima mkeka. Mkeka wa ukindu juu ya vigae, yakhe, na akili zangu timamu! Siku hizo mie napiga kisigino juu, nguvu zote za paja, bita naizika kila pigo, na najiona mwamba. Nyimbo ya kwanza besi dramu ikasogea mbele kidogo, nikavuta kiti. Ya pili ikasogea tena, nikavuta tena, haihati, zile sahani mbili zinazofumbana, imebaki nyuma huko mkono unaitafuta kwa kupapasa, simbali nayo nishaipita, na sijathubutu kusimama kwa sababu watu wanacheza. Wa gitaa la besi ananitizama, mie namkwepa macho. Mwisho kishikio cha pedali kikachomoka kwenye ringi ya dramu, dramu ikaenda zake na pedali ikabaki na mie, nakanyaga bita inapiga hewa, na wageni wanashangilia, wanadhani ndo sehemu ya shoo. Kiongozi wa bendi akageuka akaniuliza, kwenye maiki, "Sasa wewe unakwenda wapi?"

Nikaulaumu ule mkeka muda mrefu sana. Kweli ulikuwa na makosa, na vile vyuma vya miguu ya dramu sikuvitoa ncha, lakini aliyekuwa akiisukuma dramu ni mguu wangu, kwa sababu mtu anayezika bita anaiegemea dramu usiku kucha. Siku hizi hata nikisahau zulia dramu hainikimbii hivo. (Lakini sisahau.)

5. Dabo pedali, zile pedali mbili za miguu miwili, mnaniulizia kabla hata pigo mbili za mguu mmoja hazijalingana. John Bonham, mpiga drams wa Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, zile tripuleti zake, mapigo matatu matatu, alizipiga kwa pedali moja. Pigo la kwanza mguu uwe nyuma kidogo ya ubao wa pedali, la pili uteleze mbele, metronomu, kile kifaa cha kuhesabu mapigo, kwenye 60 kwa dakika, na usipandishe mpaka ya pili itoke na nguvu sawa na ya kwanza. Inachosha, najua. Watizameni wacheza ngoma ya msewe wa Pemba, vya kulia vimefungwa miguuni, mguu ukikosea kila mtu anasikia, hakuna pa kujificha.

6. Kisigino chini msikidharau. Siku utakayoitwa kupiga pamoja na ganuni na fidla za taarabu kwenye ukumbi mdogo, ukaleta kiki ya uwanja wa mpira, hutaitwa tena na hutaambiwa kwa nini.

7. Mazoezi ya usiku tieni mto ndani ya besi dramu. Kuta za Mji Mkongwe nene kweli, lakini kiki inapita sakafuni mpaka kwa jirani wa chini, na mlango atakaokuja kuugonga ni wenu.